Tumbo la Shaibu na Mkono wa Dramu

"Hilo bakuli lirudi huko huko lilikotoka," Anifa alisema, mwiko mkononi, kauziba mlango wote. "Miezi minne mnamjaza mume wangu mafuta. Tumbo linakuja, mkono unaondoka. Mnamtibu au mnamnenepesha kama mbuzi wa Idi?"

Ridhiwani, kiongozi wa kikundi cha matarumbeta, alikuwa kabeba supu ya mkia wa kondoo, mafuta yameelea juu hata nyama huioni.

"Shemeji, mgonjwa haponi kwa mchicha. Mimi si nilivunjika mguu? Nikapiga supu kama hii, leo nadunda."

"Wewe ulivunjika mfupa, tena ulikuwa kijana. Mwenzio kaumia mshipa wa fahamu, na ana miaka sitini na tatu. Unafananisha nini na nini?"

Shaibu mwenyewe alikuwa hapo hapo uani kwao, mtaa wa Gerezani, kakaa kwenye mkeka anakanda unga wa chapati anazouza mkewe. Ile harufu ilikuwa inamwita kwa jina.

Huyu mzee kapiga dramu ndogo tangu hajaota ndevu. Siku moja pikapu ya harusi ilikata kona Msimbazi, yeye kasimama nyuma kakolea, akadondoka, kiwiko kikala lami. Mfupa mzima, watu wakasema ana bahati. Baadaye vidole viwili vya kulia vikafa ganzi, na nyama ya kati ya gumba na kidole cha shahada ikabonyea kabisa. Tangu hapo anataka kitu kimoja tu: kupanda pikapu tena.

Sasa kikundi chao kina utaratibu. Wakipakuliwa pilau la harusi, fungu la kwanza la mgonjwa, na la mgonjwa ndilo lenye mafuta kuliko yote. Hawajakosa hata Jumamosi moja. Wanampenda, na shida ndiyo hiyo.

Dada Stella, wa mazoezi ya viungo hospitali, aliliangalia lile tumbo, akaliangalia na lile shimo la mkononi, akamwambia ukweli. Mshipa ukiumia unaweza kuota tena, ila polepole, na ukishakuwa mtu mzima ndiyo polepole zaidi. Huku nyuma misuli haipati amri, inasinyaa.

"Na mafuta hayageuki misuli, baba. Yakizidi, yanaweza kujaa pale pale misuli ilipopungua, kuirudisha ikawa kazi. Wataalamu bado wanachunguza. Ila mimi nisingesubiri majibu yao na bakuli mkononi."

Ale samaki, maharage, mayai, na mkono aufanyishe kazi kila siku. Ndiyo maana anaukanda huo unga. Majirani siku hizi wanamwita Shaibu Mama Chapati, na anaitika.

"Haya, supu tuiache," Ridhiwani alisema, akachomoa vijiti mfuko wa nyuma. "Leo tuna harusi Ilala. Nipigie kidogo tuone."

Shaibu akajifuta unga, akapindua sufuria, akaanza. Mkono wa kushoto moto ule ule. Wa kulia ukaenda kidogo, kisha kijiti kikachomoka kikazama kwenye unga. Anifa ndiye aliyeanza kucheka, Shaibu naye akashindwa kujizuia.

"Dramu ndogo bado, kaka," Ridhiwani alisema. "Ila kubwa je? Rungu lake nene, linashikika."

Hapo Shaibu akanuna. Dramu kubwa wanapewa wanaojifunza, na yeye kawatania hao miaka yote. Akaangalia mkono wake. Akamnyang'anya mkewe mwiko, mpini mnene, akavizungusha vidole taratibu, akaligonga beseni. Du. Du-du. Mwiko ukatulia mkononi. Akaongeza. Ridhiwani akaimba tarumbeta kwa mdomo, Anifa kiuno kikaanza chenyewe, jirani wa chumba cha pili akatoka na mswaki mdomoni anacheza.

"Mtanitania," Shaibu alisema.

"Mpaka uchoke," Ridhiwani akamjibu.

Anifa alichukua bakuli, akaengua mafuta yote kwa upawa, akamwachia mumewe minofu na mchuzi mweupe. Shaibu alikuwa hajamaliza hata nusu, pikapu ikapiga honi barabarani.

"Na chapati nani anasukuma?" mkewe aliuliza.

"Wewe, mke wangu. Mimi niko kazini."

Akatoka mbio mbio, unga mpaka kwenye viwiko, anawauliza wenzake kwa sauti rungu wameliweka wapi.