Mama Yangu Amegeuzwa Honi

Leo mama yangu mzazi amegeuzwa honi ya gari. Nina hasira, acheni niandike.

Jana nilimpelekea fundi mmoja wa Kayanga gari langu aina ya Noah, anifungie kile kifaa cha kushika spidi bila kukanyaga mafuta. Kafungua usukani, kafunga vitufe vyake, kasema safi.

Leo tunaenda harusini Mabira, mama kakaa mbele. Tunakata kona, ng'ombe wamejaa barabarani. Nabonyeza honi.

Kimya!

Nampigia fundi. Eti, "Waya wa honi niliutumia kwenye vile vitufe, bosi. Lakini spidi si inashika?"

Itashika wapi? Kwenye mashimo haya?

Basi mama akashusha kioo. "Pisheni! Pisheni jamani!" Ng'ombe, bodaboda, baiskeli za ndizi, kila kona, mpaka kanisani.

Na mama ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya.

Bibi harusi anaingia, mama anafungua mdomo. Inatoka hewa tupu. Kwaya nzima inanitazama mimi!

Mwenye fundi wa kweli anitajie hapo chini. Honi itatengenezeka.

Mama hajanisemesha mpaka sasa, na sijui ni hasira au ni sauti haijarudi.