Radhi Nilizomnyima Nyanya

Mimi na woga tulizaliwa tumbo moja. Miaka ya hamsini, nikisoma skuli ya Msambweni, mwalimu wetu, Mkristo mpole kutoka Taita, alianza kutusomesha habari za mahujaji wa Kikristo. Tukaguna sote. Hujaji ni wetu, aendaye Makka. Mkristo ana hija gani? Akatuambia kwamba Wakristo wa kale wa Ulaya walihiji kwa miguu, na kila mmoja akaitwa kwa alikokwenda. Wa Roma aliitwa mtu wa Roma. Wa Yerusalemu aliitwa mtu wa mtende, kwa kuwa alirudi ameshika kuti lake. Na lile jina la wote kwa Kiingereza, pilgrim, alisema, asili yake ni mgeni tu, apitaye nchi isiyo yake.

Angeishia hapo ningemshukuru. Lakini aliongeza kuwa kabla ya kuondoka waliandika wasia na kuwaomba majirani msamaha, maana wengi hawakurudi.

Moyo ulinipasuka. Nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa karibu kupanda meli Mombasa kwenda Makka pamoja na ami yangu. Wiki ile alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, nami nikidhani ni adabu tu. Sandukuni mwake niliona bafta jipya, jeupe, aliloniambia ataliosha kwa maji ya Zamzam. Sikuwa nimeuliza la nini. Sasa nilijua ni sanda yake.

Nikakata shauri langu: asiyepewa radhi haendi. Asubuhi ya safari, lori la kumpeleka kivukoni Likoni limesimama nje, kila mtu alimwambia amemwia radhi. Ilipofika zamu yangu nikafumba mdomo kama chaza. Mama akanifinya. Ami akanikemea kwamba nitamharibia mama yake hija. Nikamshika nyanya buibui lake.

Nyanya akaniinamia. "Basi ziweke," akasema. "Nitakuja kuzichukua."

Akaenda. Lo, nilivyoteseka! Kila aliyepiga hodi nilimdhania ameleta tanzia, nikakimbilia jikoni na kujificha hadi nisikie kilichomleta. Mama alisema kimya ni heri. Mimi kimya kilinitisha zaidi.

Nyanya akarudi, amekonda, jua limemchoma. Hata miguu hajanawa, akaninyoshea mkono: "Haya, nipe changu."

Nikakataa. Watu wakacheka, yeye akanipapasa kichwa. Tangu hapo kila alipotoka, akienda Kikoneni mazishini au Vanga kwa nduguye, aliniomba radhi mlangoni, nami nikamnyima, naye akarudi.

Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani, bafta limekwisha tolewa sandukuni, aliniita. Mkono haukuweza kunyoka tena.

"Nimekuwia radhi, nyanya," nikamwambia.

Akafumba macho, ametulia. Nami niliogopa kuliko siku zote, maana sikuwa tena na kitu chake cha kumrudisha.