Sufuria ya Isay Haiendi Manila

Isay Palmares alikuwa na duka la kompyuta kule Dumangas, Ufilipino, na humo dukani aliendesha seva ya mchezo ambamo ukoo mzima ulijenga kijiji cha kubuni: nyumba, kanisa, jiko, hata kuku wenye kiburi. Leo ilikuwa fiesta, sikukuu ya mji mzima. Binti yake Rizza, muuguzi huko Doha, alikuwa anaikosa kwa mara ya kwanza, na mama alimwahidi kwamba wakati wa mapumziko yake atakula mezani kwao, humo humo mchezoni. Isay alikuwa na furaha mpaka akatia chumvi kwenye kahawa, akainywa vivyo hivyo.

Kikwazo kilikuwa hifadhidata, lile ghala linalokumbuka nani ana nini. Mpwa wake Rodel, mwenye seva nyingine ya mchezo huo huo kijiji cha jirani, alikuwa amemshawishi waiweke kwenye mashine ya kukodi Manila, seva zote mbili zichote hapo. Siku za kawaida hakuna aliyelalamika. Lakini siku ya fiesta kila nyumba inarusha mtandaoni videoke, kule kuimba kwa kufuata maneno kwenye skrini, na laini inakabwa koo. Isay alifunua sufuria ya mchezoni, akapakua wali. Wali ukarudi sufuriani wenyewe.

Akampigia simu. "Rodel! Chakula kinanikimbia!"

"Vumilia, Tiya. Habari inakwenda Manila kwanza, ndiyo irudi."

"Kwani sufuria ni ya Manila? Naihamishia hapa, chini ya kaunta."

"Seva yangu haitaiona! Watu wangu wote hawa wafanye nini? Na mashine yako ikiungua, kijiji kizima kwaheri."

"Nakala nitatoa kesho. Leo mwanangu ana nusu saa tu. Na hao watu wako, hawana miguu ya kuja kwangu?"

Basi akafunga mchezo, akavuta kumbukumbu zote kutoka Manila, nazo zikaja kwa mwendo wa kobe huku yeye akizitukana kwa mapenzi. Akaielekeza seva isome pale pale, akafungua, akapakua wali. Ukatoka papo hapo. Isay akaibusu mashine, vumbi na yote.

Mara traisikeli, pikipiki zenye kigari cha abiria, zikaanza kumwaga watu mlangoni, Rodel mbele na sinia la tambi za pansit kichwani. Viti havikutosha, watu wakapakatana, maikrofoni iko wazi, kelele tele.

Rizza akaingia mchezoni. Akafunua sufuria, akapakua, akapiga kigelegele. Kisha mhusika wake akaacha kusogea.

Isay akaigonga skrini. "Inday, mwanangu, imekwama?"

"Haijakwama, Nay, mama yangu. Nawasikia. Huyo anayegombea paja la kuku ni Tiya Luming?"

"Ndiye, na haya hana!"

Rizza akacheka mpaka akalia. "Mimi nimeshiba, Nay. Msiizime tu hiyo maikrofoni."