Mwenye Kuleta Huonja Kwanza

Diploma yangu ya uuguzi niliipata Tanzania, ukimbizini, baada ya miaka ya kubeba magunia bandarini Kigoma. Hakuna mjomba aliyenilipia. Niliporudi Bujumbura, vita vikiendelea, wauguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili tulikuwa wachache, na nasema bila aibu kwamba mwenye cheti cha maana nilikuwa mimi. Usingizi tu ndio sikuwa nao.

Mwaka ule homa ya uti wa mgongo ilikuwa ikiua watu mitaani. Chanjo ilipofika wodini, wagonjwa walikubali, isipokuwa fundi magari mmoja wa mtaa wa Bwiza. Sauti alizozisikia kichwani zilimwambia kila sindano ina sumu. Kaka yake alikuja na kamba.

"Dokta, tumufunge tu. Mutu wazimu anakubali nini?"

Nilikataa. Mgonjwa akielewa swali, jibu ni lake. Nikakaa mbele ya fundi, nikamweleza ugonjwa wenyewe, kwamba mkono utauma, na kwamba huenda akapata homa kidogo.

"Na nikikataa, mutaninyima chakula?"

"Apana. Utakula kama kawaida. Lakini ugonjwa ukiingia humu, unaweza kukuua."

Akafikiri. "Kwetu mwenye kuleta pombe anaonjaka kwanza. We onja."

Hilo halikuwemo kwenye diploma, lakini nani kati yetu amewahi kupokea mrija wa pombe ambao mwenyeji hakuunyonya kwanza? Sisi wauguzi tulikuwa bado hatujachanjwa. Nikavuta dawa kwenye chupa ileile, nikajichoma mwenyewe begani. Kisha nikachukua sindano mpya kwa ajili yake.

"Ngoja kwanza," alisema. "Tuone kama utaanguka."

Tukangoja. Nilikuwa nimekesha na mgonjwa mwingine, nikaegemea ukuta kidogo tu. Kilichoniamsha ni fundi akinitikisa, machozi yakimtoka.

"Yaya," alimwita kaka yake, "wamemuua muganga."

"Sijafa, fundi. Nimechoka."

Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Alinigusa shavu, akasikiliza pumzi zangu, akaniuliza nililala lini mara ya mwisho. Sikukumbuka.

"Basi choma, ukalale," alisema, akikunja mkono wa shati. "Lakini yaya atoke na kamba yake."

Nilingoja kaka atoke, nikafunga mlango, ndipo nikamchoma.