Msonge wa Mkubwa na Msonge wa Bibi

Mwalimu alitutembeza kwa miguu kutoka Nemba hadi kwenye msonge alimokaa zamani kiongozi wa nchi, ati tujifunze unyenyekevu. Mlangoni mzee mtunzaji akaamuru, "Vueni viatu!" Darasa zima tulikuwa pekupeku, akavua mwalimu peke yake.

Ndani kulikuwa na kitanda cha miti, chungu, na nyasi sakafuni. Ndiyo maajabu hayo? Bibi yangu alikuwa navyo vyote, na alikuwa amepewa muda hadi Jumamosi awe amehamia kijiji cha ujamaa, msonge wake ubomolewe.

Nikauliza, "Shikamoo mzee. Na huu unabomolewa Jumamosi?"

"Marahaba. Mpumbavu wewe, hii ni historia!"

Mwalimu akanichapa viboko vinne. Jumamosi nilibeba chungu cha bibi, kile kisicho historia, huku wanamgambo wakiangusha paa.