Chupa ya Pumzi na Jina la Mama Mkwe

Kwa muda mrefu sana niliamini, tena bila aibu yoyote, kwamba ile chupa ndefu ya chuma inayosimamishwa kando ya mgonjwa mahututi kazi yake ni kumvuta mtu pumzi. Si kumpa. Kumvuta. Mpira unaingizwa puani, pumzi inatoka kidogo kidogo, chupa inajaa, mgonjwa anakwisha. Kisha chupa inapakiwa kwenye lori na kupelekwa garaje kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, na ndiyo sababu ule moto wao wa buluu unalia vile unavyolia.

Sikuwa peke yangu. Bukavu nzima iliamini, na kama si Bukavu nzima, basi mtaa wetu wa Kadutu mzima, na kama si Kadutu nzima, basi bwana mmoja aliyekuwa jirani yangu, ambaye sauti yake ilitosha kwa Kadutu nzima. Ushahidi ulikuwapo. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu chupa za garaje, na zilifanana na za hospitali kama mapacha. Zaidi ya hapo nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na katika shule ya jioni tulifundishwa kwamba hewa hutoka penye nyingi ikaenda penye kidogo. Pale hospitali kila ukiuliza unaambiwa oksijeni imekwisha. Chupa tupu, mgonjwa mwenye pumzi: hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeifanya. Mimi nilikuwa na diploma.

Basi katika miaka hiyo ya Zaïre, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani mwananchi, hata tukiwa tunagombana, mama mkwe wangu alivuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi akiwa na mzigo wa mananasi na kifua kibovu. Mananasi aliyauza. Kifua kilibaki naye. Alipofika kwetu alikuwa akipumua kama mtu anayesukuma gari mlimani. Tukambeba hadi hospitali, wakamlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakamtia mpira puani, na daktari akasema wazi: mapafu yamejaa, dawa itafanya kazi yake, lakini bila oksijeni mama huyu hatafika Jumapili.

Nikamtazama daktari yule kwa huruma. Kijana mwenye shahada, na hajui anachokifanya.

Sasa, kwetu mgonjwa hawezi kukaa hospitali bila garde-malade, yaani ndugu wa kumpikia, kumwosha na kulala chini ya kitanda chake. Mke wangu alikuwa amejifungua juzi. Shemeji zangu walikuwa Kamituga wakichimba dhahabu, au wakichimba shimo tu, maana dhahabu yenyewe hatukuwahi kuiona. Nikabaki mimi. Wenye mila zetu wanaelewa balaa hiyo. Mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hamkazii macho, hazungumzi naye ila kupitia mtu mwingine, na jina lake halitamki kamwe, hata akiwa amebanwa na mlango. Nilikuwa nimeoa miaka kadhaa, na jina la mama huyo lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwangu.

"Mama akikufa na weye iko pale unaangalia tu," mke wangu aliniambia akiwa amepakata mtoto, "usirudi hapa."

Nikavaa suti yangu ya abacost ya kuhitimu, nikaenda kumlinda mama mkwe nikiwa nimempa mgongo.

Chumba kile kilikuwa na vitanda vichache na desturi nyingi. Serikali ya chumba ilikuwa mikononi mwa maman mmoja mnene, mwuza samaki, aliyekuwa akimlinda dada yake mkubwa, mgonjwa wa sukari. Yeye ndiye aliyeamua nani atumie jiko la uani kwanza na nani asiombe kwa sauti. Kulikuwa pia na fundi cherehani wa mtaa wa Muhumba, aliyetoka kupona pepopunda. Kwa majuma mataya yake yalikuwa yamefungwa, na sasa yalipofunguka alikuwa akilipa maneno yote ya nyuma.

Na kulikuwa na muuguzi mmoja. Tulimwita muganga, kama tulivyomwita kila mtu aliyevaa nyeupe. Huyu alikuwa na tabia iliyowaudhi wagonjwa wote: hakukuchoma sindano, hakukupa kidonge wala kukubadilishia maji ya mshipa kabla hujamtajia jina lako. Awe anakujua, asikujue, hilo halikumhusu. Fundi cherehani ndiye aliyemshonea joho lake la kazini, na bado kila asubuhi muuguzi alimwuliza, "Citoyen, jina yako?"

"Muganga, nilikupima mukono, kifua na kiuno, na hunijue?"

"Nakujua. Jina yako?"

Watu walisema ni majivuno. Mimi nilisema ni ugonjwa wa kusahau, na nikamhurumia na yeye. Nilikuwa mtu wa huruma nyingi siku zile. Halafu akaenda likizo siku chache, na chumba kizima kikapumua. Isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na pumzi ya kutosha.

Siku aliyorudi ndiyo siku ninayoisimulia. Ilikuwa mchana, saa wanapopokezana zamu. Mimi nilikuwa nimetoka kununua sabuni. Niliporudi, maman wa samaki alinilaki mlangoni akiwa na sufuria mkononi.

"Tonton, kuja uone! Nimekuokolea mukwe!"

Alikuwa amehamisha wagonjwa. Dada yake alikuwa akilalamika kwamba kitanda cha dirishani kinampiga baridi ya ziwa. Mama mkwe wangu, kwa upande wake, alikuwa karibu na ile chupa. Maman akaona anaweza kutibu shida mbili kwa jasho moja. Akamtoa mama mkwe mpira puani, akambeba begani kama gunia la dagaa, akamlaza dirishani, kisha akamleta dada yake pale penye joto.

"Ile kamba ya mu pua nimeitoa," alisema. "Dada yangu haiwezi kumufanya kitu. Inakamata tu mwenye wanamuingizia."

Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilikaribia kumbusu. Akaenda zake uani kupika.

Ambacho maman hakukihamisha ni karatasi. Kila kitanda kilikuwa na karatasi imening'inizwa miguuni, yenye jina la mgonjwa na dawa zake, na karatasi zilibaki palepale. Kwa hiyo, kwa mujibu wa hospitali, mama mkwe wangu sasa alikuwa na ugonjwa wa sukari, na yule dada wa samaki, aliyekuwa amelala usingizi mzito kwa ajili ya joto jipya, ndiye mapafu yamemjaa. Wote wawili wazee, wote wawili wamekonda, wote wamefunga kitambaa cha kijani cha chama tawala. Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nikitazama dirishani kwa furaha.

Muuguzi akaingia na sindano. Aliisoma karatasi ya kitanda cha dirishani, akaitazama sindano, akamwinamia mama mkwe wangu.

"Maman, jina yako?"

Mama mkwe alifungua mdomo. Ilitoka filimbi tu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu, na mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Muuguzi akanigeukia.

"Garde-malade. Jina ya mugonjwa?"

"Ni mama ya muke wangu," nikasema.

"Sikuuliza ni ya nani. Jina."

"Anatoka Idjwi."

"Kisiwa yote inaitwa jina moja?"

"Muganga, yule ni mukwe wangu." Nilidhani hilo linatosha. Kwa mtu yeyote aliyelelewa na mama yake lingetosha. "Siwezi kumutaja."

"Basi siwezi kumuchoma."

Fundi cherehani akainuka kwenye mto wake. "Choma tu, muganga! Mutu amenyamaza, amekubali!"

"Weye unyamaze, ukubali pia," muuguzi akamjibu bila kugeuka.

Nilijaribu njia zote. Nilimtaja kama mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akasema kila maman humu ndani ni mama wa mtu. Nilimwambia asome karatasi. Akasema karatasi haipigwi sindano. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu mwenye diploma, kwamba mgonjwa anazidiwa na yeye anacheza mchezo wa maswali. Hilo la kuzidiwa lilikuwa kweli, na nilipolisema ndipo nikalisikia. Ile filimbi ilikuwa imepungua. Nikamwona akilini mke wangu na mtoto wake mlangoni kwetu, na mlango umefungwa.

Nikageukia ukuta, nikafunga macho, nikalitaja.

Nililitaja kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, kwa maana lilikuwa limekaa ndani miaka mingi. Nadhani walilisikia Kamituga. Fundi cherehani alifunga mataya, jambo ambalo pepopunda peke yake ndiyo iliwahi kuliweza.

Muuguzi aliisoma karatasi tena, na jina lililoandikwa lilikuwa lingine. Akashusha sindano. Akaifunika kwa kifuniko chake, akaiweka kwenye sinia polepole kama mtu anayeweka yai.

"Hii ni dawa ya kushusha sukari," alisema. "Mukwe wako hana sukari ya kushushwa. Ningemuchoma, angelala, na hangeamuka. Nani amehamisha bagonjwa?"

Papo hapo akaanza kukisukuma kitanda, mama mkwe akiwa juu yake, kuelekea kwenye chupa. Hapo nikamkumbuka yule jirani yangu na sauti yake. Nikasimama mbele ya chupa nikiwa nimetandaza mikono.

"Muganga, huyu amebaki na kapumzi kadogo tu. Usimukamulie na hako."

Alinitazama kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Toka," alisema.

Nilitoka pale mbele, nikasimama ukutani. Aliufuta ule mpira, akaurudisha puani, akafungua bomba, akaweka sikio lake asikie hewa inapita, kisha akamkalisha mama mkwe wima kwa mito miwili na bega lake mwenyewe. Halafu akaenda kwa yule dada wa samaki, akamwamsha, akamwuliza jina, akalisikia, akamchoma sindano yake. Kisha akatoka uani. Kilichosemwa huko kati yake na maman wa samaki sikukisikia chote, ila nilisikia maman akilia, "Muganga, nilifanya kwa roho nzuri!" na muuguzi akijibu, "Roho nzuri ikae uani. Kitanda usikiguse tena."

Tangu siku hiyo kila mgonjwa alibandikwa jina mkononi kwa plasta. Kazi ya kuandika nilipewa mimi, mwenye mwandiko wa shule ya jioni. Fundi cherehani alilalamika kwamba ametiwa alama kama gunia la mihogo. La mama mkwe aliliandika muuguzi mwenyewe. Na bado, kila sindano, aliuliza kwa mdomo.

Mama mkwe hakufa Jumapili. Jumatatu midomo ilikuwa na rangi ya watu. Mimi nilikaa nikiuangalia mshale wa kipimo kilicho juu ya chupa, na niliona vizuri kwamba unashuka kila siku badala ya kupanda. Nikahitimisha kwamba fundi aliuweka kinyume.

Kwa hiyo alipoingia mgeni kutoka Mwenga, analeta baba yake aliyefukiwa na udongo wa mgodi, na muuguzi akaanza kuivuta chupa ya pili kuelekea kwao, niliona ni wajibu wangu. Nikamsogeza pembeni yule bwana, nikamweleza habari ya mpira, ya lori, ya garaje na ya moto unaolia. Akasema atamchukua baba yake warudi nyumbani saa hiyohiyo.

"Mukwe."

Ilikuwa sauti ya nyuma yangu. Katika miaka yote sikuwa nimewahi kusemeshwa nayo. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya mito yake, mpira puani, akinikazia macho mchana kweupe mbele ya watu.

"Wacha kumutisha ule mwana wa watu," alisema. "Ile chupa haivute pumzi. Inaleta. Wenye unaona wanakufa nayo, walifika hapa karibu wamekufa. Mimi ndiye mwenye kuwekwa mpira, si weye. Yule maman alipoitoa, nilikosa pumzi. Muganga alipoirudisha, nilipata."

Yule bwana wa Mwenga akaenda kumsaidia muuguzi kuivuta chupa, na mimi nikaishika upande wa pili.