Matembele Yaliyostawi Kiangazi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ya arobaini ya mjomba wangu, na kila nikiikumbuka uso hunichoma kama nimeinamia chungu kinachochemka. Nilikuwa mke kijana. Nyumba yetu mpya ilikuwa kwenye mteremko, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda kuelekea Uluguru. Tulikuwa na choo cha ndani, cha kuvuta maji, wakati majirani wengi wangali na cha shimo uani. Nilijivuna, nisikufiche. Mgeni alikuwa hajakaa vizuri, mimi nishamwonyesha choo.

Maji yote machafu yalikwenda kwenye karo lililofukiwa nyuma ya nyumba, na kutoka karoni yakaingia kwenye shimo la kuyapoteza ardhini. Kwangu mimi, kilichofukiwa kilikuwa kimekwisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini aliyejifungia ndani atayaonea wapi? Maji ya bafuni yakaanza kusita, yakanizunguka miguuni kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikimwaga maji ya kufulia, choo kinaguguma. Jioni ikawa na harufu.

Nikasema ni mbuzi wa Mama Zaituni, jirani yangu wa bondeni, mjane mpole wa umri wa mama yangu. Wala sikuishia kusema moyoni. Nilimwendea hadi mlangoni. Akanisikiliza, akajibu, "Nimesikia, mwanangu," akalihamishia banda lake mbali, kwenye mawe. Harufu ikabaki palepale. Nyani haoni kundule.

Na yale matembele! Kiangazi kile nyasi za mlimani zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya kamba, lakini juu ya lile shimo letu ardhi ilikuwa laini na yenye unyevu, nami nikaotesha matembele. Yakastawi mpaka wapita njia wakasimama kuyatazama. Sikuwahi kuyamwagilia hata kata moja. Nikajiona nina mkono wa baraka, nikawa nayachuma na kumpelekea Mama Zaituni mafungu mafungu, kama mtu anayesamehe.

Kwetu Uluguru jirani hakwambii kwamba nyumba yako inanuka. Atapita upande wa pili wa njia, atakuombea kwa Mungu, lakini hatasema. Wa kusema ni mtani, tena penye msiba, kwa sababu koo zetu zimeachiwa na wahenga ruhusa ya kuzikana na kusutana bila kununiana.

Basi ikafika arobaini. Ndugu walishuka kutoka Kinole na mikungu ya ndizi, ua likajaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bomba, kama ada yake siku za shughuli, lilikuwa kavu. Wasichana wakatumwa kuteka maji kwenye kisima cha Mama Zaituni. Choo changu cha fahari hakikupumzika, na kabla ya adhuhuri kikakataa: maji yakapanda badala ya kushuka. Nikafunga mlango, nikawaambia watu ufunguo umepotea.

Ndipo Mzee Mloka, mtani wetu, akatokea nyuma ya nyumba, ameziba pua kwa kanzu.

"Jamani, mjomba wenu tulimzika wenyewe, tena tukamfukia vizuri! Huyu aliyeoza huku nyuma ni nani? Mmetuficha msiba wa pili?"

Ua zima likaangua kicheko.

"Shikamoo, mtani," nikasema, nikijilazimisha kucheka.

"Marahaba. Usinisalimu mimi, kamsalimu maiti wako. Anatambaa huyo, anakwenda kwa jirani!"

Nikageuka. Katikati ya matembele yangu maji meusi yalikuwa yakibubujika, yakafuata mteremko hadi kwenye kisima cha Mama Zaituni. Na ndoo zilikuwa zimeshafika. Mama Zaituni mwenyewe alikuwa ameinama, anawachotea maji ya kunywa wazee waliotoka kusoma hitima. Ningenyamaza, wangekunywa, na hakuna ambaye angejua. Nakwambia kwa aibu, mwanangu: kwa pumzi moja, nilifikiria kunyamaza.

Kisha nikakimbia, nikampokonya kata. "Msinywe! Maji haya yameingiwa na choo changu!"

Kicheko kikakatika.

Mama Zaituni akatazama bondeni, akanitazama mimi. "Kumbe si mbuzi," akasema taratibu.

"Si mbuzi, mama. Ni mimi."

"Na wajukuu zangu, wanaoharisha kila wiki?"

Nikapiga magoti kwenye matope, mbele ya ukoo mzima, naye akanishika bega akaninyanyua. Laiti angenitukana. Karo lilinyonywa, shimo likachimbwa upya mbali na bonde, kisima kikafukiwa. Wajukuu walipona, namshukuru Mungu. Kwa muda mrefu nilimbebea maji mama yule kichwani, naye kila siku akanishukuru, na kila shukrani ilinikata.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayekwenda kujenga nyumba yako. Maji yakisita kwenye mifereji yote ya nyumba, choo kikiguguma, harufu ikija jioni, usitafute mbuzi wa mtu. Pakiwa na majani mabichi mahali pasipomwagiliwa, au ardhi yenye majimaji bila mvua, usile mboga ya hapo wala usimgawie mtu. Ita gari la kunyonya mapema, na fundi akague shimo. Usimruhusu mtu kuingia karoni, hewa yake inaua. Waulize walio bondeni wanateka wapi maji, na uwaambie ukweli kabla hawajaugua, maana mficha uchi hazai, na mficha uchafu huwaua watoto wa wenzake.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie nyumba ambayo aliye chini yake analala salama, na uso usioogopa kukiri kungali mchana.